Daftari alilonunua baba yake Jane Austen

Novemba 1, 1797, mchungaji wa kijiji cha Steventon, kusini mwa Uingereza, alimwandikia barua mchapishaji wa vitabu wa London. Alisema anao muswada wa riwaya. Akauliza gharama ya kuuchapisha, na mchapishaji angelipa kiasi gani iwapo ataupenda. Hakutaja kwamba aliyeandika ni binti yake, Jane, mwenye miaka 21. Jibu lilirudi haraka: hapana. Muswada wenyewe haukusomwa.

Baba huyo, George Austen, alikuwa na watoto 8, wa kiume 6 na wa kike 2. Kipato cha uchungaji hakikutosha, hivyo alilima na kuwafundisha wavulana wa watu waliolala nyumbani kwake. Jane na dada yake Cassandra walipelekwa shule kwa muda mfupi tu. Huko Jane aliugua nusura afe, na alipokaribia miaka 11 shule ilikuwa imekwisha.

Masomo yake mengine aliyapata sebuleni. Baba alikuwa na vitabu zaidi ya 500 na hakumzuia binti kuvisoma. Wakati huo watu wengi waliona riwaya ni upuuzi unaoharibu wasichana, lakini kwa akina Austen zilisomwa kwa sauti, na familia nzima ikacheka. Karatasi ilikuwa ghali, ila Jane alipoanza kuandika vihadithi vyake vya utani, baba alimpa daftari.

George Austen alifariki Januari 1805 mjini Bath, akiwa hajaona hata kitabu kimoja cha mwanawe. Kipato chake kilikoma siku hiyo hiyo. Mama na mabinti wawili wasioolewa wakabaki wakitegemea michango ya kaka zao, wakihamahama. Mwaka 1809 kaka mmoja, Edward, aliyelelewa na ndugu matajiri, ndiye aliyewapa nyumba kijijini Chawton.

Hapo Jane alitulia na kuichukua tena miswada yake ya zamani. Mwaka 1811 ikatoka Sense and Sensibility, bila jina lake. Ukurasa wa kichwa cha kitabu ulisema tu imeandikwa na mwanamke. Mwaka 1813 ikafuata Pride and Prejudice, ambayo wataalamu wengi wanaamini ndiyo ile iliyokataliwa miaka 15 nyuma. Aliiuza kwa pauni 110. Alifariki Julai 18, 1817, akiwa na miaka 41, na leo vitabu vyake vinasomwa dunia nzima.

Mzazi anayesoma habari hii ana mambo mawili ya kuchukua. George Austen aliamini kipaji cha binti yake kabla hajatokea mtu mwingine wa kukiamini. Lakini hakuweza kuwaachia mke na mabinti wake kitu cha kutosha kuwaweka mahali pamoja, na kwa miaka kadhaa baada ya kifo chake kalamu ya Jane karibu ilale kabisa. Mtoto anahitaji baba wa kumtia moyo, na anahitaji pia paa litakalobaki baba akiondoka.

Moja ya madaftari ya utotoni limehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, London. Ndani yake Jane aliandika kwa Kilatini kwamba ni zawadi kutoka kwa baba yake.