Kunuka, Kunukia na Bei ya Chupa

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mgeni huvichanganya na mwenyeji havichanganyi kamwe: kunuka na kunukia. Tofauti yake ni kiambishi kimoja tu, kile cha kauli ya kutendea, lakini kiambishi hicho ndicho kinachotenga jaa na bustani. Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari, wanafunzi waliniuliza mara nyingi imekuwaje sauti moja ibebe tofauti kubwa namna hiyo. Niliwajibu kwa namna ninavyolisoma neno hilo mimi mwenyewe, bila kudai kuwa ndiyo asili yake: kitu kinachonuka kinanuka tu, hakimjali mtu, kinachonukia kimeelekezwa kwa mtu. Kauli ya kutendea inamtafuta mtendewa.

Jibu hilo lilikuwa la darasani, la kupitisha kipindi. Mwaka jana lilinibidi nilitumie katika jambo la fedha.

Binti wa kaka yangu alinijia na daftari lenye hesabu. Alitaka kufungua duka la manukato hapa Tanga, na alihitaji shilingi milioni tatu kutoka katika kiinua mgongo changu. Fedha hizo zingenunua chupa chache za manukato ya Ulaya na Ghuba, zile ambazo chupa moja huuzwa zaidi ya laki sita. "Shangazi," aliniambia, "kitu cha ghali hakikosi mteja." Nikamwomba anipe majuma mawili. Fedha ya uzeeni ni kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi. Huchoti kabla ya kutazama kina.

Nilianza na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoizoea. Marashi yanatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza. Ndiyo maana chombo chake huitwa mrashi. Uturi nao ni neno la Kiarabu. Udi maana yake ni ubao au kijiti tu. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, zabadi hutoka kwa fungo, na miski hutoka kwa paa dume wa milima ya Asia. Babu zetu waliyaita manukato kwa jina la kitu chenyewe au la tendo linalofanywa. Aliyenunua udi alijua ananunua mti. Majina yaliyo kwenye chupa za leo hutaja usiku, mapenzi na ufalme. Hayamwambii mnunuzi kilichomo ndani.

Vilivyomo vipo vinavyostahili kuwa ghali, na haki yao tuwape. Udi wa kweli hupatikana katika mti unaoitwa Aquilaria, unaoota India na Asia ya Kusini-Mashariki. Mti mzima wenye afya hauna harufu ya maana. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo unapotoa utomvu mweusi wa kujikinga, na utomvu huo ndio udi. Si kila mti huugua, na watu wameikata mingi wakiutafuta uliougua, hata tangu mwaka 2005 jamii zote za mti huo zimo katika orodha za mkataba wa CITES. Waridi nalo lina gharama yake: kilo moja ya mafuta yake huhitaji kilo 3,000 hadi 5,000 za maua, yanayochumwa kwa mkono alfajiri kabla jua halijayachoma. Jirani zetu wa Komoro, ambao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya mlangilangi duniani, huyakeneka maua yao kwa saa nyingi, na mafuta hayo husafiri hadi Ufaransa kuingia katika manukato mashuhuri.

Hata hivyo, gharama ya maua haielezi bei yote. Tangu wanakemia walipotengeneza vanilini mwaka 1874, watengenezaji wamekuwa wakichanganya mimea na vitu vya maabara. Chanel No. 5 ya mwaka 1921, kazi ya Ernest Beaux, ilipata umaarufu kwa kuchanganya asmini na mlangilangi na kemikali ziitwazo aldehidi. Hilo si aibu, ni ufundi. Lakini sehemu kubwa ya kimiminika katika chupa ya kupulizia ni spiriti, na bei anayolipa mnunuzi hubeba pia kioo, kasha, tangazo, pango la duka na faida ya kila mkono uliopitia. Ipo hata kampuni iliyoifanya bei yenyewe kuwa sifa: baada ya masoko ya hisa ya Marekani kuanguka mwaka 1929, Jean Patou wa Paris aliyatangaza manukato yake ya Joy kuwa ndiyo ya gharama kubwa kuliko yote duniani. Waliopungukiwa na mali walitaka kunukia kama ambao hawakupungukiwa.

Baada ya kusoma, nilipima. Niliwaita wanawake watano wa kikoba chetu, nikawapaka manukato ya aina tatu mikononi bila kuwaonyesha chupa. La kwanza lilikuwa mafuta ya udi ya kupimiwa, ya shilingi 20,000. La pili lilikuwa nakala ya manukato mashuhuri, ya shilingi 15,000. La tatu lilikuwa lile lenyewe lililonakiliwa, ambalo chupa yake ni shilingi 620,000. Binti alipata kichupa cha kuonja kutoka kwa mfanyabiashara mmoja.

Asubuhi, watatu kati ya watano waliichagua nakala, kwa sababu ilipiga kelele kuliko wenzake. Ilipofika alasiri nakala ilikuwa imekufa, imebaki kama maji yaliyooshea glasi. Mafuta ya udi hayakubadilika hadi usiku, maana mafuta hayaruki upesi kama spiriti. Manukato ya ghali yalibadilika mara tatu: yalianza na ndimu, yakaja maua, yakaishia na kitu kama mbao za sanduku la zamani. Mzee wetu mmoja aliyanusa jioni, akanyamaza, kisha akasema, "Hii inanukia kama mtu aliyeondoka sasa hivi." Nilipowataka wakisie bei, aliyekisia juu kabisa alitaja shilingi 50,000.

Nikamwambia binti hukumu yangu. Ya ghali ni bora kuliko nakala, hilo halina ubishi. Lakini si bora mara 41.

Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Kwa hiyo, shangazi, watu wa kwetu hawastahili kitu kizuri?"

Swali hilo lina uzito, nami sikulijibu siku ile ile. Wapo wanaowahubiria maskini kiasi, wenyewe wakijifukiza. Jibu langu nililipata kwa kumkumbuka mama yangu. Yeye aliamka mapema kuchuma asmini, akazifunga pamoja na mkadi na majani ya mrehani kuwa kikuba, akakichomeka nywelini. Kikuba hakikugharimu senti na kilinyauka kabla ya kesho, wala hakuna aliyesema kuwa mama hakustahili kizuri. Watu wa pwani walikijua kizuri na kukitengeneza kabla hakijapewa kasha. Wanastahili, tena sana. Wasichostahili ni kulipia kioo wakiambiwa wanalipia ua.

Nilimpa milioni moja badala ya tatu, kwa sharti kwamba aanze na mafuta mazuri ya kupimwa kwa tola, na kila chupa iandikwe kwa Kiswahili kilichomo ndani: udi, waridi, mlangilangi, au mchanganyiko wa maabara. Alizipokea kwa uso mkavu. Mpaka leo hajaniambia kama alikubaliana nami, lakini maandishi ya chupa huniletea niyasahihishe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena wakasema rahisi ghali. Methali hizo mbili hazipingani. Ya kwanza inamwonya anayebabaishwa na tangazo, ya pili anayekimbilia nakala. Msomaji anayetaka kununua manukato na ayapake mkononi asubuhi, aende kazini, ayanuse tena alasiri, kisha ajiulize atamnukia nani. Nami nimeyafupisha hayo katika ubeti mmoja:

Bei haina mapua, haijui kunukia,
Chupa ukiinunua, kwa laki ukalipia,
Kama hukumchagua, nani atafurahia,
Kioo umechukua, manukato hukimbia.