Baridi ya Alfajiri Ufuoni Uvira



Wiki iliyopita mimi na jirani yangu tulitoka Nyakabere, tukalala Uvira kwa dada yake, ili saa kumi na moja alfajiri tuwe ufuoni kungoja ndagala.

Ni kiangazi. Upepo wa kusini unapita juu ya Tanganyika, na kitenge kimoja hakitoshi. Mitumbwi ikafika, taa zingali zinawaka. Wavuvi hawa huwinda usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu samaki hufuata mwanga. Kijana mmoja alishindwa kufungua kamba: vidole vimekufa ganzi, fulana imelowa.

Katika nchi za theluji, wawindaji wana makoti yanayopashwa moto kwa betri. Hapa kwetu betri ni ya taa. Lakini mama mmoja alikuja na sweta kavu na kofia ndani ya mfuko wa plastiki. Mume wake akabadilisha kwanza, ndipo akanywa chai. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili. Chai peke yake haiwezi kulirudisha.

Nikakumbuka kosa langu. Mwaka jana mume wangu alirudi amelowa mvua, anatetemeka. Nikaingiza mbabula chumbani, nikafunga mlango na dirisha. Vichwa vikatuuma, mtoto akatapika. Jirani ndiye aliyetufungulia. Hewa ya sumu ya makala haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini.

Basi, wamama: mbabula ibaki nje. Sweta kavu ndiyo iingie mtumbwini.