Chumba cha Mama Mkwe

Tulipotafuta nyumba Bukavu, macho yetu yalielekea Ibanda, karibu na Koleji Alfajiri ya Wayezuiti. Watoto wangefika masomoni kwa miguu. Lakini akiba yetu ya miaka 9 ilitosha nyumba ya vyumba viwili tu, kwenye mteremko unaomegwa na mvua. Mama mkwe, aliyetulelea watoto hao, asingepata pa kulala. Tulisali, tukabishana (kusali hakukutuzuia kubishana), mwishowe tukanunua Bagira. Mama mkwe ana chumba chenye dirisha. Kifungua mimba wetu huamka usiku, hupanda gari gizani. Juzi alituuliza kwa nini hatukumchagua yeye. Hatujamjibu; mama mkwe alikuwa mezani, anasikia.