Siku miongozo ilipoachwa mlangoni

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujaenda mbali. Mara ya mwisho ulipomaliza kusoma riwaya, uliketi na nani mkaizungumza? Sina maana ya kuizungumza kwa ajili ya mtihani. Nauliza kuhusu kule kubishana kwa dhati, huyu akigonga meza akisema fulani alistahili yaliyomfika, yule akiapa kwamba lau angekuwa yeye asingelala katika nyumba ile hata usiku mmoja.

Mimi swali hilo lilinikuta nikiwa nimeshapita miaka thelathini, na jibu langu lilinitia haya. Nilikuwa nimeketi katika maktaba ya shule moja ya kutwa mjini Ruiru, alasiri ya Ijumaa katika muhula wa pili wa mwaka 2025. Rafiki yangu anayefundisha Kiswahili huko alikuwa amenialika. "Njoo usikilize tu," aliniambia. "Lakini ukiingia usijitie uandishi wa habari. Humo ndani kila mtu ni msomaji."

Mlangoni kulikuwa na katoni ya sabuni, tupu. Kila mwanafunzi aliyeingia alitoa mwongozo wake kwenye mkoba akautumbukiza humo, kama watu wanaovua viatu. Walimu nao walifanya hivyo hivyo. Ndiyo sharti la kwanza. Sharti la pili ni kwamba mwalimu haketi mbele. Anatafuta nafasi kwenye benchi katikati ya wanafunzi, na akitaka kusema anainua mkono na kungoja zamu yake.

Usidhani ni maktaba ya kujivunia. Ni darasa la zamani lililowekewa rafu pande mbili, na kidirishani yanaonekana majumba ya kupangisha mahali palipokuwa na mibuni nilipokuwa mdogo. Kwenye rafu nilikuta vitabu vya Pacesetters vilivyokatika migongo, nakala ya My Life in Crime ya John Kiriamiti, kitabu alichokiandika akiwa gerezani na kikachapishwa mwaka 1984, ikiwa imeshikwa na mikono mingi hata jalada limekuwa kama kitambaa. Kulikuwa pia na The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, cha mwaka 1959. (Hiki watalii huja nacho mpaka hoteli ya Blue Posts, na sisi wazawa wa Thika ambao hatujakisoma ni wengi kuliko tunavyokubali.)

Rafiki yangu alinieleza kwamba walianza na Siku Njema ya Ken Walibora kwa sababu haimo katika mtihani wa sasa, basi hakuna aliyekuwa na la kukariri. Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale. Kijana mmoja, mchana ule wa kwanza, alisema waziwazi kwamba yeye asingepoteza nauli yake kumtafuta baba wa namna hiyo. Ubishi uliozuka, alisema rafiki yangu, ulimalizwa na kengele ya kwenda nyumbani, na wiki iliyofuata benchi hazikutosha.

Sasa niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana bila haya hutaelewa kwa nini nilikuwa na haya.

Mimi nilisomea sekondari mjini Thika na nikafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2008. Riwaya yetu ya lazima ilikuwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, yule mwandishi wa Pemba. Ikiwa uliisoma, unamkumbuka Bwana Maksuudi, tajiri anayemfungia mkewe na bintiye ndani ya nyumba. Tamima, mkewe, anashikwa na uchungu wa kuzaa, na bintiye Maimuna anatoka kumwita mkunga ambaye Maksuudi hataki kumwona. Kwa kosa hilo Tamima anapewa talaka. Maimuna naye anatoroka, na safari yake inamfikisha Rumba kwa Mama Jeni, nyumba ambayo mzazi yeyote angeomba mwanawe asiione.

Shuleni kwetu riwaya ile hatukuizungumza. Tulikuwa na maktaba, lakini ilikuwa na kufuli kubwa na ufunguo ulikaa afisini. Riwaya tuliisoma kupitia mwongozo tulionunua kando ya barabara karibu na stendi ya matatu: maudhui haya, wahusika hawa, mbinu za uandishi hizi. Swali la "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4" tulilijibu hata usingizini. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80, na mwalimu wetu alizijua zote zilipolala. Simlaumu kwa hilo. Matokeo yalipotoka wazazi waliuliza alama, hakuna aliyeuliza kama binti yake alilia aliposoma.

Siku moja tulipewa swali la alama 20: nani wa kulaumiwa kwa masaibu ya Maimuna? Mwongozo ulisema ni Maksuudi, na mfumo dume. Mimi niliandika ni Tamima. Niliandika kurasa tatu, kalamu ikikimbia, kwamba mama anayenyamaza miaka yote hiyo akiona mtoto wake anafungiwa kama kuku naye ana lawama yake, na kwamba angeondoka mapema, akiwa na nguvu, akiwa na bintiye mkononi. Karatasi ilirudi na alama 3. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Unatunga. Rudia mwongozo."

Naam, nilikuwa natunga kwa namna fulani. Sikuwa nikimwandikia Tamima. Nyumbani kwetu Makongeni baba alikuwa amezama katika pombe za bei rahisi, zile zilizouzwa kwenye vichupa vidogo, na mama aliamka gizani kwenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya upande wa Ruiru. Jioni alirudi, akapika, akamngoja. Sheria ya Mututho ilikuja mwaka 2010, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako wa pombe hizo, lakini kwetu ilikuwa jua limeshatua, baba tulikuwa tumemzika. Mama hakuondoka hata siku moja. Swali langu kwake lilikuwa ndani ya karatasi ile yenye alama 3, na baada ya wino ule mwekundu sikuliuliza tena mahali popote.

Turudi Ruiru. Riwaya ya siku hiyo ilikuwa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ambayo ndiyo ya lazima kwa wanafunzi wa 8-4-4 waliosalia, kundi la mwisho likiwa limepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Kwa usiyeisoma, Mangwasha ni sekretari katika afisi ya Chifu Mshabaha. Mumewe, Mrima, ananaswa kwa pesa na pombe za wakubwa, anawatelekeza mke na watoto huku mtaa wao wa Matango ukiteketezwa kwa moto. Mangwasha anakaa. Anahangaika na kumtafuta, na hatimaye Mrima anajirudi.

Msichana wa kidato cha tatu ndiye aliyeanza. Alisimama, mikono nyuma, akasema Mangwasha alikosea. "Angemwacha. Kumngoja mlevi ni kuwafundisha watoto kungoja."

Mwalimu wa Hisabati aliinua mkono. Ni bwana mkimya mwenye sweta ya kijani, na niliambiwa alikuwa amemaliza riwaya hiyo kwa siku mbili, ya kwanza ya Kiswahili tangu alipotoka shuleni. Alisema yeye amepiga hesabu. Mwanamke mwenye mshahara mmoja, kodi ya nyumba, karo, akiondoka anapoteza hata kile kidogo ambacho mume angekileta siku anayorudi na akili zake. "Alikaa kwa sababu hesabu zilimwambia akae," alisema. "Sio ujinga."

"Mwalimu," alimjibu yule msichana, bila ukali wala woga, "umemhesabu Mangwasha na umemhesabu Mrima. Watoto hujawaweka."

Maktaba ililipuka kwa kicheko, na mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Hebu fikiria, msomaji, jambo hilo katika shule uliyosoma wewe! Katika shule yangu msichana yule angekuwa anafyeka nyasi mpaka Jumatatu.

Kijana mmoja wa nyuma alileta hoja ambayo mpaka leo naiona ya maana kuliko nyingi nilizosoma katika miongozo. Alisema yeye hana ugomvi na Mangwasha, ana ugomvi na mwandishi. Mrima amepona kwa haraka mno. Mtaani kwao, alisema, hajaona mtu akiacha pombe namna hiyo. "Kama Mrima asingepona, tungesema Mangwasha alifanya vizuri kumngoja?"

Hapo pakawa kimya. Rafiki yangu hakujibu ingawa nilimwona anatamani. Ndipo mkono ukainuka upande wa dirishani, wa mwalimu wa Kiingereza, mama wa makamo anayekaribia kustaafu. Ilipofika zamu yake hakusimama.

"Mimi nilikaa," alisema. "Miaka 11. Na wangu hakupona."

Hakuna aliyesogeza hata kalamu. Aliendelea kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anayesoma orodha ya majina. Alisema aliposoma sura za Mangwasha alimkasirikia mwandishi kama kijana yule, kwa kuwa alimpa Mangwasha kile ambacho yeye alinyimwa. Kisha alizisoma mara ya pili akaona kwamba Mangwasha hakukaa tu. Alikuwa na kazi yake, na alipokuwa akimngoja Mrima alikuwa pia akiwapigania watu wa Matango. "Mimi nilingoja tu," alisema. "Hilo ndilo ninalojilaumu. Kukaa sijilaumu."

Yule msichana aliyeanza mjadala aliinamisha kichwa. Baadaye kidogo aliinua mkono, akasema bado anaamini Mangwasha angeondoka, ila angependa kuondoa neno "alikosea". Mwalimu wa Kiingereza akaitikia kwa kichwa. Kengele ililia, wakaenda kwenye katoni kila mmoja akachukua mwongozo wake, maana mtihani ungalipo na hakuna anayejidanganya kuhusu hilo. Rafiki yangu aliniambia mlangoni kwamba baadhi ya wazazi wamelalamika: watoto wanapoteza saa nzima kwa maneno. Hana hakika kama kikao kitaruhusiwa mwaka ujao.

Nilipanda matatu ya Thika nikiwa nimeazimwa nakala ya Nguu za Jadi. Mama bado anaishi Makongeni. Aliishia darasa la saba na sijawahi kumwona na kitabu kingine ila Biblia, lakini jioni tatu mfululizo nilimsomea, yeye akichambua maharagwe kwenye uteo. Nilidhani hasikii. Tulipofika pale Mrima anapopotea siku nzima bila kurudi, mkono wake ulisimama juu ya maharagwe, kisha ukaendelea.

Jioni ya tatu nilifunga kitabu nikamweleza habari ya karatasi yangu ya mwaka 2008. Nilimwambia nilichoandika kuhusu Tamima, na nilikuwa namwandikia nani. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini lakini sauti ilinitetemeka kama mtoto.

Mama alinitazama kwa muda.

"Ulipata ngapi?"

"Tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharagwe.

"Huyu wako wa kwa chifu alikuwa analipwa mwisho wa mwezi," alisema. "Mimi nilikuwa nalipwa kwa debe. Siku ambayo buni hazijaiva hakuna debe. Ningekupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba sasa naelewa, lakini si kweli kwamba naelewa yote, na yeye angejua.

"Na mwalimu wako angekupa kumi," aliongeza. "Mambo mengine uliyoandika ni ya kweli."

Alitikisa uteo, akapeperusha maganda, akavuta taa karibu na kiti changu.

"Haya, soma. Mlikuwa mmeachia pale watu wa Matango wamechomewa nyumba."