Ua la Bustani Lililofunga Ziwa

Mji wa Kisumu umekaa kando ya Ziwa Victoria, karibu sana na mstari wa Ikweta, nao haujui majira ya baridi. Kwa mtunza bustani hiyo ni baraka. Kwa mvuvi wa Dunga imekuwa pia msiba.

Gugumaji, mmea wenye ua zuri la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu waliupeleka nchi nyingi ili upambe vidimbwi vya bustani. Penye baridi kali jalidi huuangamiza, na aupendaye hana budi kuuhifadhi ndani ya nyumba. Lakini huku ziwani, ulikoonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, haukukuta baridi ya kuuzuia wala wadudu wa kwao wa kuula. Taka za miji na mbolea za mashamba zikaulisha. Mwaka 1998 ulikuwa umetanda eka zipatazo 40,000 katika Ghuba ya Winam, na mitumbwi ikashindwa kutoka ufuoni.

Fukusi walioachiliwa mwaka 1997 waliupunguza sana, ila haukwisha. Hata leo upepo huusukuma ukawafungia wavuvi njia.

Basi mwenye kuleta mche mgeni asiulize tu kama utamea. Aulize pia ni kitu gani kitakachouzuia.