Daktari Akigoma, Nani Anabaki na Mgonjwa?

Wasee, leo nitakosana na pande zote mbili, na poa tu.

Kwetu mgomo wa madaktari si habari ya runinga. Binamu yangu ni daktari wa intanishipu. Shosho naye husafishwa damu mara mbili kwa wiki, hospitali ya umma. Mgomo wa Machi 2024 ulipoanza, mmoja alikuwa anatoka na filimbi kuandamana, mwingine anauliza Alhamisi ataenda wapi.

Binamu alikuwa na haki. Mkataba wa 2017, uliozaliwa na mgomo wa siku 100, ulisema daktari wa intanishipu alipwe karibu Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ikaja na Sh70,000. Hebu niambie, mwajiri akiamua peke yake kukupa theluthi ya mlichosaini, utafanya nini?

Lakini figo za shosho hazisomi mikataba. Zinahesabu siku, na mgomo ulichukua siku 56. Ukikosa kusafishwa damu, maji yanajaa mwilini, kupumua kunakuwa kazi. Familia nzima tulichanga tukampeleka praiveti. Na yule hana watu wa kuchangisha?

Hapo ndipo shida iko. Mgomo unatakiwa kumbana aliyevunja mkataba, lakini huyo ana bima kali na hospitali yake ya praiveti. Anaweza kungoja siku 56 bila jasho. Anayebanwa ni mgonjwa wa foleni.

Katiba imebeba haki zote mbili. Kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hakuna kimoja kilichoandikwa kifute kingine.

Mimi nasema hivi: kliniki za kawaida zifungwe, lakini dharura, uzazi, wagonjwa mahututi na kusafisha damu zibaki wazi, na zamu zijulikane kabla ya siku ya kwanza. Hiyo isiwe zawadi ya bure. Serikali nayo ifungwe: ikisaini, pesa ziwe kwa bajeti ya mwaka huo, na mzozo ukifika kortini uamuliwe kwa wiki, si miezi.

Kumwambia daktari avumilie bila kumhakikishia mshahara ni kumfunga mikono. Kumwambia mgonjwa angoje ni kumfunga pumzi. Aliye na kalamu ya kusaini ndiye wa kuulizwa, na kila miaka mitano huyo huja kutuomba kura.