Upupu: Karaha ya Maganda, Faraja ya Mbegu

Katika kijiji kimoja cha pwani ya Kenya, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ameacha kuandika. Mkono uliokuwa ukijaza ubao kwa hati iliyonyooka sasa hutetemeka hata ukiwa umetulia pajani. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Ama kweli, usilolijua ni usiku wa kiza! Mwalimu anaugua ugonjwa wa Parkinson, ambao tabibu Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Mwili nao hutetemeka, hukakamaa na kuwa mzito.

Nyuma ya nyumba yake umetambaa upupu. Hakuna aupendaye, kwani nywele za maganda yake zikigusa ngozi, mtu hujikuna hadi machozi yakamtoka. Ajabu ni kwamba ndani ya maganda hayo mna mbegu zenye levodopa, dawa ile ile iliyomo katika vidonge anavyoandikiwa mwalimu hospitalini. Wataalamu wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliitenga kutoka katika mbegu hizo mwaka 1937. Dopamini yenyewe haiwezi kupenya kutoka kwenye damu hadi ubongoni. Levodopa hupenya, kisha ikageuzwa kuwa dopamini humo humo. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha wagonjwa 8, na unga wa upupu ulianza kufanya kazi mapema kuliko vidonge. Nchini Bolivia, wagonjwa 18 walioshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017 walipata nafuu kwa unga wa mbegu zilizokaangwa.

Kuna miezi ambapo vidonge huisha kabla ya pensheni kuingia. Jioni moja, bintiye anayesomea Kiswahili chuoni alimsimulia habari hizi. Mzee aliutazama ule mmea kwa muda mrefu.

"Kumbe, mwanangu, adui alikuwa jirani mwema?"

"Si adui, baba, lakini bado si tabibu."

Binti alisema kweli. Kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu; kikizidi huleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu na mitikisiko isiyozuilika. Isitoshe, dawa hii hutuliza dalili tu, wala haijathibitika kuzuia seli kufa.

Mzee hakuchuma hata ganda moja. Ila kesho yake aliwaita majirani barazani, akawaeleza, kwa Kiswahili chake sanifu, kwamba mkono wake haukurogwa.